Mbwa Aliyeachwa Hai: Historia ya Dokta Josaphat Kabagambe wa Mudzipela

Baba mchungaji, wazee wa familia, wakubwa wa mtaa, majirani wa Mudzipela, na ninyi wateja wa marehemu mliotoka Lumumba, Nizi na mbali zaidi, familia inawasalimu kwa uchungu, na inawaomba mvumilie jua hili kidogo, maana historia ya mtu huyu si ndefu, ingawa yeye mwenyewe aliiona ndefu. Familia inawasalimu kipekee watu wawili waliofika juzi kutoka Butembo, wakaenda kuketi nyuma kabisa, chini ya turubai la wageni, kwa sababu historia hii inasomwa hasa ili wao waisikie. Anayewasomea ni Valérie, dada mdogo wa marehemu, na wanaoshangaa kwa nini hakusimama mwanaume, kama ilivyo kawaida yetu, wajue kwamba wazee waliuliza ni nani anayeyajua maisha ya Josaphat ya miaka hii ya mwisho, na kila mtu akatazama chini.

Josaphat Kabagambe alizaliwa Bogoro, kwenye njia ya kwenda Kasenyi, tarehe 14 mwezi wa tatu mwaka 1976, akiwa mtoto wa tatu na kijana wa kwanza wa Mzee Zakayo Kabagambe na Mama Fanny, ambao wote wawili wametutangulia, katika boma ambamo ndama walipewa majina mapema kuliko watoto, na ambamo kijana alihesabiwa kuwa na akili siku alipoweza kuwataja ng'ombe wote wa baba yake bila kukosea. Wengi wenu mlidhani kwamba alizaliwa akipenda mbwa, lakini si kweli, Mama Fanny alisimulia hadi uzeeni jinsi Josaphat alivyowaogopa mbwa wa wachungaji, akapanda juu ya miti ya zizi kila walipopita, na paka aliwaona kuwa wezi wa maziwa, basi. Alichopenda ni ng'ombe, na zaidi alipenda kujua kwa nini huyu anakula na yule anakataa.

Shule ya msingi aliisoma Bogoro kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, ya sekondari akaisoma hapa Bunia, sehemu ya mifugo, akapata diploma ya serikali mwaka 1995, kisha mzee, bila kumsikiliza mtu, akauza ng'ombe wake wazuri na kumpeleka Butembo tarehe 20 mwezi wa kumi mwaka 1996, akasomee tiba ya wanyama katika chuo kikuu, kwa makubaliano yaliyosemwa mbele ya ukoo mzima kwamba kijana atarudi kuwatibu ng'ombe waliobaki. Masomo yale yalikatika mara nyingi kwa sababu ya vita, leo mwalimu amekimbia, kesho mwanafunzi amekimbia, hata akayamaliza tarehe 30 mwezi wa saba mwaka 2004, akiwa amechelewa sana. Kufikia wakati huo vita vilikuwa vimelimaliza zizi la Bogoro, hakubaki hata ndama mmoja, na Josaphat alirudi na karatasi yake ya udaktari akamkuta baba yake ameketi kwenye kiti, nje ya zizi lililoota majani marefu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukagua nyama kwenye machinjio, kuanzia tarehe 8 mwezi wa kumi na moja mwaka 2004, yaani kuwaangalia ng'ombe wa watu wengine wakiwa wamekwisha kufa, na alipoulizwa kwa nini aliiacha alijibu kwamba daktari anapaswa angalau mara moja kufika kabla mgonjwa hajafa. Tarehe 3 mwezi wa tano mwaka 2006 alikodi nyumba ya vyumba viwili hapa Mudzipela, nyuma ya soko, akaandika kwenye ubao kwa rangi ya bluu kwamba anatibu mbwa na paka, na mtaa mzima ukacheka, hata baadhi yenu mliopo hapa mlicheka. Kwetu mbwa ni mlinzi, akiumwa anafukuzwa, na paka ni wa kulinda mahindi na mchele dukani, akikonda anatafutwa mwingine, hakuna aliyewahi kuona mtu mzima ameketi kwenye benchi akingoja zamu yake na paka mapajani.

Wateja wa kwanza walikuja kwa kujificha, wakizunguka nyuma ya soko kama watu wanaokwenda kwa mganga, wenye maduka wa Lumumba, wageni wa mashirika, walinzi wa maghala, na taratibu wakazoea. Marehemu alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata kwa wakubwa, hakumtibu mnyama aliyeletwa na mtumishi, alitaka mwenye mnyama aje mwenyewe, amshike kwa mikono yake, aone sindano inaingia wapi, kwa sababu mtu aliyeona hivyo hasahau dawa kesho yake. Mathieu, mchimba dhahabu wa Nizi, ambaye yuko hapa leo, alimleta mbwa wake mwenye uvimbe unaotoa damu chini ya mkia, ugonjwa ambao mbwa huambukizana wanapopandana, amefungwa ndani ya gunia nyuma ya moto, yaani pikipiki yake, akagombezwa mbele ya watu kwa ajili ya lile gunia, kisha akarudi kila wiki, mbwa akiwa ameketi mbele yake kwenye tanki la mafuta, mbwa akawekewa serumu ya dawa mshipani hadi uvimbe ukaisha. Marehemu aliwafundisha watu kuishi na wanyama wenye magonjwa yasiyopona, paka mzee mwenye figo mbovu, mbwa mwenye moyo uliochoka, mbwa mwenye kifafa anayehitaji kidonge asubuhi na jioni hadi mwisho wa maisha yake, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi hata kwa presha zetu wenyewe.

Mzee Zakayo hakufurahi, na siku moja mwaka 2007 alikuja akakaa kwenye lile benchi kati ya wateja, akamtazama kijana wake akimzibua paka dume mkojo kwa mrija mwembamba, kazi ya muda mrefu inayotaka mkono mtulivu, na ilipokwisha akasema: «Nilikutuma usomee ngombe, ngombe zikaenda, sasa uko unashikilia paka akojoe.» Josaphat akanawa mikono, akamjibu kwa heshima kwamba paka naye alikuwa anakufa, na mzee akakubali kunywa chai. Hawakuyarudia mazungumzo hayo hadi mzee alipofariki tarehe 19 mwezi wa sita mwaka 2011.

Kuhusu ndoa, marehemu alimfahamu Rébecca Kahindo huko Butembo walipokuwa wote wanafunzi, yeye akisomea ualimu, na walifunga ndoa kanisani kwao Jumamosi tarehe 16 mwezi wa nane mwaka 2008, baada ya shida ya mahari ambayo wazee bado wanaicheka, maana upande wetu ulikwenda na habari za ng'ombe, kumbe watu wa Kahindo mahari yao ni mbuzi, na wajomba zetu, ambao hawajawahi kuchunga mbuzi maishani mwao, wakalazimika kuwatafuta sokoni na kuwapandisha kwenye lori, wakafika wote pamoja, mbuzi na wajomba, wakiwa wamejaa vumbi na hasira. Mama Rébecca alifundisha shule ya msingi hapa mtaani, alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti, na alimfanya Josaphat aseme maneno mengi kuliko tuliyowahi kuyasikia kwake tangu utoto. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Plamedi, aliyezaliwa hapa Bunia tarehe 6 mwezi wa kumi mwaka 2009, na kuanzia siku ile marehemu alikuwa akifunga mlango wa kazi mapema, jambo ambalo wateja walililalamikia sana.

Mwaka 2015 mgeni mmoja wa shirika la misaada alimaliza mkataba wake akarudi kwao, akamwachia marehemu mbwa dume wa rangi ya udongo, jina lake Kapita, kwa sababu alikuwa na kifafa na hakuna mwingine aliyemtaka. Alikuwa anaanguka ghafla, anakaza miguu, anatoa povu mdomoni, kisha anaamka kama mlevi asiyejua yuko wapi, na mtu asiyeujua ugonjwa huo angesema moja kwa moja kwamba ni kichaa cha mbwa, akaokota jiwe. Marehemu alimpa gardenal, dawa ileile wanayopewa watu wenye kifafa, na Kapita akaweza kukaa miezi bila kuanguka, akawa mbwa wa Plamedi, akimsindikiza shuleni hadi kwenye kona na kumngojea palepale mchana.

Mwanzoni mwa mwaka 2018, wakati watu walipokuwa wanamiminika Bunia wakikimbia mauaji ya Djugu, dawa zilianza kukosekana mjini, gardenal ikapungua, na Kapita akaanza kuanguka tena. Zaidi ya hayo alikuwa ametoroka kupitia uzio, akarudi na alama za meno sikioni, na chanjo yake ilikuwa imepitwa na wakati, kwa maana chanjo za mbwa nazo hazikuwa zinafika. Siku ya Ijumaa tarehe 9 mwezi wa pili, mchana, Kapita alianguka uani, Plamedi akakimbia kumshika kichwa kama alivyozoea kumwona baba yake akifanya, na mbwa alipoamka katika ule ulevi wake akamuuma mkono wa kuume. Marehemu alikiosha kidonda kwa maji na sabuni muda mrefu, mtoto akilia, akatuma watu kwenye kila hospitali na kila duka la dawa, na jibu likawa moja kila mahali, chanjo ya mtu aliyeumwa na mbwa haikuwepo Bunia, ikabidi iagizwe Kampala, na hali ya njia wakati ule mnaikumbuka.

Sasa, ndugu waombolezaji, mnajua desturi yetu, mbwa akimuuma mtu anauawa kabla jua halijatua, manyoya yake yanachomwa, majivu yanapakwa kwenye kidonda, mzoga unatupwa, na kila mmoja anarudi kwake moyo umetulia. Marehemu alikuwa amepigana na desturi hiyo tangu alipofungua mlango wake, redioni, kanisani na mashuleni, akieleza kwamba mbwa aliyeuma ndiye peke yake anayeweza kutuambia kama ana kichaa, ukimfunga na kumtazama siku kumi akabaki mzima, basi aliyeumwa amepona, lakini ukimuua umeliua jibu. Watu walimsikiliza vizuri, wakampigia makofi, kisha wakaendelea kuua mbwa. Ijumaa ile maneno yake yalimrudia nyumbani kwake, mtoto ni wake, mbwa ni wake, na uani wamejaa majirani na ndugu wenye fimbo na panga, wakingoja awapishe.

Mama Rébecca, akiwa amempakata mtoto, alimwambia mbele ya wote: «Uwa hii imbwa.» Josaphat akamjibu: «Akikufa tutajua, akiishi tutajua. Nikimuua, hatutajua hata siku moja.» Naye Rébecca akasema neno ambalo waliokuwepo hawajalisahau: «Weye unataka kujua. Miye nataka mutoto.»

Marehemu alimfunga Kapita mnyororo ndani ya chumba cha kutibia, akaingia humo yeye mwenyewe, akafunga kitasa kwa ndani, kwa sababu alijua kwamba akiuacha mlango ule hata kwa dakika chache, mtu mwenye huruma na mtoto ataingia na panga. Alikaa humo hadi Jumatatu tarehe 19, chakula kikipitishwa dirishani na dada yake Valérie, na kila aliyekuja kuuliza alijibiwa kutoka ndani, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la serikali, kwamba Kapita ana kifafa tu, hana kitu kingine, mtoto yuko salama, watu wakalale. Upande wa pili wa ua, Plamedi alikuwa anakataa kula, kwa maana watoto wenzake walimwambia kwamba ataanza kubweka, alimwita baba yake, na baba hakutoka. Mama yake aliisikia ile sauti ya tangazo mara nyingi, na kila alipoisikia alizidi kumwona mume wake kuwa mtu asiye na moyo.

Hapa familia inawaomba Mama Rébecca na Plamedi wasikilize vizuri, kwa maana linalofuata hawajalisikia kwa mtu yeyote. Siku moja katikati ya kifungo kile Valérie alifika na sahani bila kuita, akachungulia dirishani, akamwona kaka yake amepiga magoti sakafuni, pale ambapo mnyororo unaishia, amesukuma bakuli la maji hadi puani pa Kapita, ambaye tangu asubuhi hakuwa amekunywa, na kuogopa maji ni dalili mbaya kuliko zote. Marehemu alikuwa analia, mtu ambaye hatukuwahi kumwona akilia hata siku ya kumzika baba, na alikuwa anamwomba yule mbwa kama mtu anavyomwomba mkubwa: «Kapita, kunywa. Nakuomba. Usikufe, juu ya mutoto.» Valérie alipomuuliza kama ni kichaa, alisema: «Sijui.» Kisha akakaribia dirisha, akamkataza: «Usimwambie mama Plamedi. Acha aone miye niko muntu mugumu. Akijua sina hakika, hatalala tena.»

Dokta Josaphat hakuwa na hakika, na hilo ndilo jambo ambalo familia imetaka lisomwe leo mbele ya jeneza lake. Alikuwa na hofu kuliko sisi wote tuliosimama uani na fimbo, kwa sababu alikuwa ameziona zile alama sikioni na alijua zinaweza kumaanisha nini, na hofu hiyo aliichukua yote akajifungia nayo, ili mke wake na mtoto wake wabakiwe na maneno tu kwamba wako salama. Kama alikosea, alikosea hapo, kwa kudhani kwamba mke anafarijika na mume asiyeogopa.

Kapita alikunywa jioni ile, akala siku zilizofuata, na Jumatatu alikuwa mzima kabisa, basi marehemu akafungua mlango, akavuka ua akiwa na ndevu na harufu ya mbwa, akamwita Plamedi kwa furaha, na mtoto akajificha nyuma ya mama yake. Chanjo ilifika kutoka Kampala wiki iliyofuata, haikuhitajika tena, akaitoa hospitalini kwa ajili ya mtoto mwingine. Jumamosi tarehe 3 mwezi wa tatu mwaka 2018 Mama Rébecca alifunga mizigo, bila ugomvi, bila tusi hata moja, akamchukua Plamedi wakaenda Butembo, na alipokuwa anaagana na wifi yake alisema tu: «Siwezi kuishi na muntu asiyeogopaka.» Valérie aliyabeba maneno hayo hadi kwa kaka yake, akamsihi amruhusu kusema alichokiona, naye akakataa, akisema kwamba jambo hilo atalieleza mwenyewe siku moja.

Wajomba walikaa mara mbili kulizungumzia suala la kudai mbuzi warudishwe kutoka Butembo, kwa kuwa katika desturi mahari ikirudi ndoa imekwisha, na Josaphat angeweza kuoa mwingine, alikuwa bado na nguvu, na wanawake wenye kupenda madaktari hawakosekani Bunia. Mara zote mbili alikataa, na mara ya pili aliwaambia wazee, kwa sauti ya chini: «Bibi yangu hakuenda. Alikasirika tu.» Wajomba walimwona mjinga, wakaondoka bila kumaliza chai.

Mwezi wa nne mwaka 2019 alisafiri hadi Butembo kwenda kulieleza lile jambo, na kwa bahati mbaya yake ndio wakati Ebola ilikuwa imewashika watu wa kule, kila kizuizi kinapima joto, kila mlango una ndoo ya maji ya klorini, na kushikana mikono kumekatazwa kabisa. Walionana kwenye uzio, yeye nje, mke na mtoto ndani, watu wanapita wakinawa mikono katikati yao, akauliza habari za shule, akajibiwa habari za shule, Plamedi alikuwa amerefuka, na hakumgusa hata kidole. Aliporudi alimwambia Valérie kwamba maneno yale si ya kupigiwa kelele juu ya uzio, kwamba atarudi ugonjwa utakapokwisha, lakini ugonjwa ulipokwisha njia ikaharibika kwa mauaji, mwaka ukafuata mwaka, na yeye hakuwa mtu wa kusema mambo ya namna hiyo kwa simu.

Aliishi peke yake, ni vizuri lisemwe hivyo hivyo. Kapita alikufa kwa uzee mwaka 2021, marehemu akamzika nyuma ya nyumba, na kuanzia hapo alibaki na wale ambao hakuna aliyerudi kuwachukua, mbwa kipofu, paka wawili wa figo, na paka mmoja wa kifua aliyeletwa ndani ya kikapu na mama mkimbizi wa Djugu, ambaye alitembea kwa miguu hadi Bunia akiwa hana kitu kingine mkononi, akafariki kambini, paka akabaki. Alipika bugali ya mtu mmoja kwenye sufuria ya watu watatu, Jumapili mchana aliketi peke yake kwenye benchi la wagonjwa, mlango wazi, kana kwamba anangoja zamu yake, na alizungumza na wanyama kwa sauti, majirani mkasikia, mkasema amechanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa, alikuwa hana mtu mwingine wa kumwambia kwamba mvua imenyesha. Tulikuwa tunampenda, tulikuwa tunampita na kumsalimia, na sote tulikuwa na haraka.

Ugonjwa wake ulikuwa kisukari, kilichojulikana mwezi wa pili mwaka 2023, na kama madaktari wengi alikuwa mgonjwa mbaya sana, paka wa figo alikula kwa saa na yeye alikula akikumbuka, hadi figo zake mwenyewe zikaharibika, akalazwa hospitalini tarehe 21 mwezi wa saba mwaka huu wa 2025. Mnajua kwamba hospitalini kwetu mgonjwa anahitaji garde-malade, mtu wake wa kumpikia, kumwosha na kumkimbilia dawa, na Valérie hakuweza kuwa pale mchana na usiku, ndipo wateja walipopanga zamu wenyewe bila kuitwa, Mathieu akashuka kutoka Nizi, na Didier, dereva wa moto ambaye mbwa wake wa kifafa anaishi hadi leo, akalala chini ya kitanda chake. Siku chache kabla ya mwisho Valérie alimuuliza tena kama sasa anaweza kusema alichokiona dirishani, marehemu akajibu: «Nikisha kufa, musome. Kama atafika.» Alifariki Jumatatu tarehe 4 mwezi wa nane, saa nne asubuhi, Didier akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka 49.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa uvumilivu, ingawa aliwabishia kuhusu vipimo vya dawa zao, inawashukuru madaktari wa mifugo wenzake, ambao wamekubali kuwachukua wale paka na yule mbwa kipofu, inawashukuru majirani wa Mudzipela kwa kuni, maji, viti na turubai, wanakwaya, wamiliki wa moto waliobeba watu bure tangu Jumatatu, na wateja wote waliofika, wengine wakiwa na mbwa zao, ambao tunaona wametulia kuliko watoto wetu.

Inabaki sehemu moja, ile ya kuwataja aliowaacha, na ukweli ni kwamba jana wazee walibishana juu yake hadi sauti zikasikika barabarani, wengine wakitaka isomwe kwamba marehemu ameacha mtoto mmoja, basi, tupite. Mwishowe Baba mdogo Jérôme, ambaye ndiye mkubwa wetu sasa, aliamua kwamba katika jambo hili neno la marehemu mwenyewe, kwamba bibi yake alikasirika tu, linatosha, na akaagiza lisomwe kama hivi. Dokta Josaphat Kabagambe ameacha mjane, Mama Rébecca Kahindo, na binti mmoja, Plamedi, ambaye alikuwa anamwogopea kuliko kitu chochote duniani. Nafasi ya mjane ni huku mbele, kwenye mkeka ulio karibu na jeneza, tangu asubuhi hatukumruhusu mtu kuukalia, tunawaomba mlioketi katikati msogeze viti ili mama na mtoto wapite, msiwaharakishe, waacheni waje kwa mwendo wao.

Josaphat, kaka yetu, watu wako wanakuja, pumzika sasa bila kumngojea mtu.